Dakika Kumi na Tisa Kwenye Kona ya Kyeburn

Gore
Jumatano, 27 Machi 1996
Asubuhi: baridi, umande mzito, upepo mdogo wa kusini. Jua limetoka saa moja na nusu.

Glenys mpenzi,

Neville amepiga simu hospitali mara mbili akaambiwa unaendelea vizuri, na sote tunajua maneno hayo humaanisha usiwasumbue. Kwa hiyo nakuandikia. Nimekutumia keki ya tangawizi kwa posta ya jana. Nimeambiwa mguu umevunjika mahali pawili, kwenye paja na chini ya goti. Pole sana, pole tena.

Sasa nikueleze kilichonikera, maana nisipokueleza wewe nitamweleza mbwa. Jana Wiremu alikuja hapa na fomu. Kiongozi wa msafara wa pikipiki lazima aandike taarifa ajali ikitokea, hilo sina neno nalo. Lakini Des, mfunga msafara wetu, amemwambia kwamba alipofika njia panda ya Kyeburn hakukuta mtu kwenye kona. Hakukuta mtu! Yaani mimi na Neville tuliacha kona! Halafu Wiremu akaanza kutusomea sheria mezani kwangu, huku anakula biskuti zangu, kana kwamba sisi ni watoto: kiongozi akikata kona, pikipiki inayomfuata isimame pale iwaonyeshe wengine njia, isibanduke mpaka mfunga msafara apite na kizibao chake cha njano. Miaka ishirini na minane nimekaa nyuma ya Neville. Tumelowa, tumegandishwa, tumeng'atwa na inzi wa mchanga kule Haast, na hatujawahi kuacha kona.

Mimi huandika, unanijua. Nakunakilia kutoka kwenye shajara yangu ya tarehe 21, siku ya ajali: "Saa 4:39 tumesimama kona ya Kyeburn. Saa 4:58 Des amepita. Tumeondoka." Dakika kumi na tisa. Des ana miaka sabini na mmoja na amekuwa mtu wa kusahau. Kama hawezi tena kufunga msafara, aseme, asiwapake wenzake matope.

Mwambie mumeo Bevan asijilaumu kupita kiasi. Mtu anaweza kupita mahali bila kuona.

Wako,
Raewyn Tulloch


Hospitali, Dunedin
31 Machi

Raewyn shoga yangu,

Keki imefika imevunjika mahali pawili, kama mimi. Tumeila hivyo hivyo. Mguu wangu umening'inizwa kwa kamba na mawe ya uzito, nimelala kama kondoo aliyeshikwa kunyolewa, na nesi wa zamu ana mikono ya mtu aliyewahi kweli kunyoa kondoo.

Watu wananiuliza nakumbuka nini. Nakumbuka changarawe. Lami iliisha, nikamwambia Bevan, "Mzee, hii siyo njia," akasema, "Wiremu labda ametafuta mkato," na kwenye kona ya tatu gurudumu la mbele likateleza. Pikipiki ikanilalia. Bevan alijaribu kuinyanyua mpaka akatapika. Saa mbili nzima, Raewyn. Saa mbili hakupita hata mbuzi, mpaka yule mfugaji alipotokea na lori lake. Lakini hilo limepita na mimi ni mzima. Sikuandikii kwa ajili ya mguu.

Nakuandikia kwa ajili ya Bevan. Alikuwa hapa barua yako ilipofika. Aliisoma mara mbili, akaikunja, akaiweka juu ya meza.

"Basi ni mimi," akasema.

"Ni wewe nini?"

"Walikuwepo. Raewyn ameandika. Raewyn haandiki kitu ambacho hakikuwepo."

"Hata mimi sikuwaona, Bev."

"Tulikuwa tumesimama kuvaa suruali za mvua, na mpaka pale njia panda wewe bado ulikuwa unapigana na zipu. Mimi ndiye niliyeshika usukani. Neville ana kilo mia na kumi, kavaa koti jekundu, kasimama kando ya barabara. Nimempita bila kumwona. Nitamwona mtoto wa miaka sita akivuka?"

Unamfahamu baba yake alivyoisha. Alianza akiwa na miaka sitini na miwili, alianza hivyo hivyo, kwa kupitiliza lango la shamba lake mwenyewe. Mwisho alikuwa anamwita Bevan kwa jina la mbwa. Bevan atatimiza sitini na miwili mwezi wa Juni.

Ijumaa amerudisha funguo za basi la shule. Miaka ishirini na miwili ameendesha basi lile. Hakuniambia, nimeambiwa na mke wa mwalimu mkuu, ambaye alidhani najua. Nikimuuliza anasema, "Ni salama zaidi," basi, anageukia dirishani.

Kwa hiyo nina hasira kama zako, na nimeona pa kuzipeleka. Nimemwandikia Des barua ambayo nesi alinishauri nisiitume. Nimeituma. Kama alipita mbele yetu bila kutuokota, maana yake alimwacha mtu nyuma yake, na mfunga msafara hamwachi mtu nyuma.

Nisaidie kitu kimoja. Mlisimama wapi hasa? Kulikuwa na lori, au kichaka, au jua la machoni? Nipe chochote nimpelekee mwanaume huyu, nimwambie, "Unaona? Ndiyo maana hukuwaona."

Glenys


Gore
Alhamisi, 4 Aprili 1996
Asubuhi: mvua ya manyunyu tangu alfajiri, upepo wa kusini-magharibi, mkali.

Mpenzi Glenys,

Nimesikitika kusikia habari za Bevan. Apimwe macho. Mara nyingi ni macho tu.

Uliuliza tulisimama wapi. Tulisimama upande wa kushoto, karibu na kibao. Hapakuwa na lori. Jua lilikuwa nyuma ya mawingu.

Sidhani kuna faida ya kulirudia jambo hili tena na tena, na Neville hapendi nilizungumze. Fomu ya Wiremu ina mstari mmoja tu wa sahihi, wa mwendeshaji. Neville ameijaza, ametia sahihi, imekwisha. Anayekaa nyuma hakuulizwa kitu, na mimi si mtu wa kupeleka maneno pasipo kuulizwa. Wewe sasa unaniuliza lori, unaniuliza kichaka, kana kwamba mimi ndiye niliyewapeleka kwenye changarawe. Sitaki kukasirika na mgonjwa. Kwa hiyo naishia hapa.

Nimeweka ndani ya kifurushi chupa ya jamu ya plamu. Nimeizungushia gazeti.

Raewyn Tulloch


Timaru
15 Aprili

Raewyn,

Nimerudi nyumbani, naandika nimelaza mguu juu ya kiti. Nimepiga kwako mara nne. Neville anapokea, anasema umekwenda dukani. Gore kuna maduka mangapi?

Basi soma. Jana Des alikuja. Hakujibu barua yangu ya matusi, aliendesha mwenyewe kutoka Oamaru akaja, akavua viatu mlangoni, akakaa pale jikoni na soksi zake zenye matundu. Nilitaka kumrushia gongo.

"Mama," akasema, "yote uliyoniandikia ningestahili, kama ingekuwa kweli." Akatoa picha.

Wewe unawakumbuka wale Waholanzi, mume na mke, ambao walikuwa wakipiga picha kila kondoo. Walipata pancha karibu na Hyde. Des alisimama nao, kama sheria inavyotaka. Mwanamke yule akampiga picha akiwa amepiga magoti na tairi mkononi, na kamera yao huandika saa kwenye pembe ya picha. Wamemtumia kutoka kwao. Saa 5:04, Raewyn. Saa tano na dakika nne Des yuko Hyde, amepiga magoti, mikono myeusi kwa grisi. Kutoka Hyde hadi Kyeburn hata kichaa anahitaji dakika ishirini.

Sasa wewe, kwa mkono wako, umeniandikia kwamba Des alipita mbele yenu saa 4:58.

Mimi sikusoma sana lakini kutoa na kujumlisha najua. Neville aliacha kona. Alichoka, au alisikia njaa, au alisikia baridi kwenye lile tumbo lake, akawasha akaondoka, na sisi tukafika pale dakika chache baadaye tukakuta barabara tupu. Halafu akatia sahihi kwamba alikuwepo. Na wewe ulikaa nyuma yake kama gunia la viazi, ukafika nyumbani ukaketi kama gunia la viazi, ukaniandikia dakika kumi na tisa na keki ya tangawizi!

Uliniacha nimtukane mzee wa watu. Uliniacha nimtazame mume wangu anakauka mbele yangu. Unajua anafanya nini sasa? Anabandika karatasi kwenye makabati ya jikoni. "Vikombe." "Chai." Ili siku ikifika asinisumbue. Wiki iliyopita nilimkuta ameandika karatasi ya jina langu.

Nimemwonyesha picha ya Des. Unajua alisema nini? "Kamera huharibika saa. Raewyn haharibiki."

Nataka jibu, na nataka la kweli. Usinitumie jamu.

Glenys Pascoe


Gore, Alhamisi 18 Aprili

Shemeji Glenys,

Mimi si mtu wa barua, utanisamehe. Nimeisoma barua yako, Raewyn aliiacha kwenye dirisha la jikoni.

Ni kweli kona niliiacha mimi. Nilichoka kusubiri. Raewyn aliniambia tusubiri, sikumsikiliza. Niliwasha nikaondoka. Kwenye fomu niliona aibu, nikaandika uongo. Raewyn alinyamaza kwa sababu mimi ni mume wake na nilimwomba. Yeye hana kosa lolote. Mwenye usukani ndiye mwenye lawama, ndivyo tulivyofundishwa sote, na Bevan analijua hilo.

Mwambie Bevan namwomba radhi. Mwambie macho yake ni mazima.

Kuna kuni nimezipasua, kama mnahitaji nitazileta na trela, nitaziacha getini.

Tafadhali Raewyn asijue kuwa nimeandika.

Neville


Timaru
22 Aprili

Raewyn,

Mume wako ameniandikia na ameniomba nisikwambie. Nakwambia. Barua yake hii hapa ndani, isome.

Nilidhani imekwisha. Nilimsubiri Bevan arudi kutoka bustanini kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani. Nikampa. Akasoma. Akacheka, Raewyn, mara ya kwanza tangu Machi, na kicheko chenyewe kilinitia baridi.

"Neville mtu mwema," akasema. "Amesikia ninavyoumwa, amejitwisha."

"Bev, amekiri! Ameandika mwenyewe!"

"Neville alisimama kwenye kona Haast dakika arobaini kwenye mvua ya mawe mpaka akapata nimonia, kwa sababu Des alikuwa na pancha. Leo unaniambia alichoka? Neville? Na Raewyn alimwambia wasubiri, hakusikiliza? Glen, wewe umewahi kuona Neville hamsikilizi Raewyn?"

Na ni kweli. Tumesafiri pamoja misafara sita, na sijawahi kuona. Ukimwambia avae soksi za pili, anavaa. Ukimwambia ameshiba, anaweka uma chini.

Kwa hiyo sasa nimekaa naziweka pamoja barua zenu, na nakuambia ninachokiona. Mmoja kati yenu aliniandikia uongo kwa jeuri, mwingine kwa huruma, na uongo wa huruma umeharibu zaidi, maana sasa Bevan hataamini tena neno la mtu yeyote. Ataamini kitu kimoja tu, nacho ni hicho kijitabu chako kilichowekwa wapi sijui, chini ya mto wako.

Jumanne ijayo, tarehe 30, saa nne, anakwenda kupimwa kumbukumbu. Amejiandikisha mwenyewe. Anakwenda kama mtu anayekwenda kusomewa hukumu aliyokwisha kujihukumu, na ataongea nao hivyo, na wataamini. Watu wa namna hiyo nimewaona, mtu akiambiwa asubuhi anaumwa, jioni anaumwa kweli.

Sikuombi urafiki. Huo umekwisha. Nataka ukurasa wa tarehe 21 Machi. Wote, siyo mistari uliyonichagulia.

G. Pascoe


Gore
Alhamisi, 25 Aprili 1996
Asubuhi: baridi kali, theluji nyembamba juu ya vilima, hakuna upepo. Neville amekwenda kwenye gwaride la alfajiri la kuwakumbuka askari. Posta imefungwa leo. Hii itaondoka kesho.

Glenys,

Ukurasa umo ndani ya bahasha. Nimeukata kwa wembe. Naandika shajara tangu nikiwa na miaka kumi na minne na sijawahi kukata ukurasa.

Utaona kwamba sikudanganya nilipokunakilia. Nilikunakilia mstari wa kwanza nikaacha wa pili. Nakueleza sasa kwa mpangilio, maana sijui njia nyingine ya kueleza.

Tulisimama saa 4:39. Neville alikuwa na wasiwasi na mnyororo, akachuchumaa upande wa pili wa pikipiki na spana, kofia kichwani bado, hasikii kitu. Kazi ya kutazama barabara ikawa yangu. Pikipiki tatu zikapita, nikazinyooshea mkono zielekee Ranfurly. Halafu barabara ikanyamaza. Nikatoa shajara nikaiweka juu ya kiti changu, nikaanza kuandika. Unataka kujua nilikuwa naandika nini? Hali ya hewa. "Upepo wa magharibi, mawingu mazito juu ya Kakanui." Nikasikia mngurumo, nikainua kichwa nimechelewa, nikaona mgongo wenye kizibao cha njano unapinda kuelekea Ranfurly, na mkono umeinuliwa kunisalimu. Nikatazama saa. Nikaandika, "Saa 4:58 Des amepita." Niliandika kabla sijatazama rangi ya pikipiki.

Nikamgonga Neville begani.

"Tayari?" akasema.

"Tayari. Des kapita."

"Mbona wachache? Akina Bevan sijawasikia."

"Umeinamia mnyororo wako, utasikia nini?"

"Rae, una uhakika?"

"Nimeshaandika, Nev."

Hakuuliza tena. Kwetu nikisema hivyo mazungumzo huwa yamekwisha. Nililijua hilo wakati nalisema.

Hilo lilikuwa kosa, na kosa mtu anaweza kuliomba radhi. Sasa mstari wa pili, ambao unausoma hapo chini kwa wino ule ule: "Saa 5:20. Ranfurly. Mwenye kizibao si Des." Alikuwa kwenye kituo cha mafuta ng'ambo ya mkahawa, kijana anayepima barabara, pikipiki yake ya buluu. Nilimwona. Nikaelewa. Nikaandika, kwa sababu mimi kila kitu huandika. Halafu nikafunga shajara, nikaingia ndani, nikaagiza supu ya malenge.

Nilijiambia mtakuwa nyuma na Des. Nilijiambia nikisimama sasa nikasema tumeacha kona, meza nzima itanitazama, na Wiremu, na Neville. Nikanywa supu. Des alifika saa 5:50 bila ninyi. Zile dakika thelathini, Glenys, ulikuwa chini ya pikipiki. Tungewasha mara moja, tungekufikia kabla Des hajafika mkahawani. Nimepiga hesabu mara nyingi. Inatoka hivyo hivyo kila mara.

Umeniita gunia la viazi. Nilikasirika sana, nikataka kuichana barua. Maana ndivyo wanavyotuona, sivyo? Wiremu alikaa jikoni kwangu saa nzima akimuuliza Neville uliona nini, ulifanya nini, na mimi namjazia chai. Hata mara moja hakugeuza kichwa. Des vivyo hivyo. Fomu haina mstari wa aliyekaa nyuma. Nilikasirika kwamba hakuna anayeniuliza, kisha nikajificha humo humo ndani ya kutoulizwa, na palikuwa na joto. Halafu ukaniuliza wewe, kwa wema, unatafuta lori na kichaka, nami nikakujibu vile.

Neville hakusema uongo kwenye fomu. Aliandika nilichomwambia, na alikiamini mpaka barua yako ya tarehe 15. Aliisoma, akaja hadi kitandani akaniuliza, "Rae, alikuwa Des?" Nikamwambia hapana. Akaketi kando ya kitanda. Halafu akasema, "Basi nitasema ni mimi." Nikamwacha aseme. Nilimsikia anatafuta kalamu nikamwacha. Kwa hiyo hilo nalo lijumlishe.

Mpe Bevan ukurasa huu mkononi mwake. Mwambie aliona sawasawa. Hapakuwa na mtu kwenye ile kona.

Raewyn Tulloch


Timaru
1 Mei

Raewyn,

Imefika Jumatatu. Nimempa Bevan ukurasa mkononi kama ulivyosema. Aliusoma amesimama, miwani puani, kidole kinafuata mistari. Alipofika chini akarudi juu, kisha akasoma na barua. Halafu akaniuliza, polepole kabisa:

"Supu?"

"Ndiyo, Bev. Barua inasema supu."

"Ya malenge?"

"Ya malenge."

Akatoka nje. Nikasikia ndoo. Ameipiga teke kutoka mlango wa jikoni hadi kwenye banda la kuni, Raewyn, kwa mguu wenye kandambili, na kucha ya kidole gumba imetoka. Halafu akaanza. Miaka thelathini na sita nimeolewa na mtu yule, sikujua kwamba anayajua maneno yale. Jirani alichungulia juu ya ua akauliza kama aite polisi. "Waite!" Bevan akasema. "Waite, niwaeleze kuna mwanamke Gore!" Alirudi ndani anatweta, akaanza kubandua zile karatasi za makabati, moja moja, na kila moja akiibandua anataja jina lako.

Jumanne alikwenda kupimwa, maana mwalimu mkuu hatampa basi bila karatasi. Mimi nilikaa nje. Nilimsikia kupitia ukutani akimweleza daktari habari za kona, saa kwa saa, dakika kwa dakika, sauti juu. Daktari alitoka anafuta jasho. Ameandika kwamba kumbukumbu ni nzuri na shinikizo la damu liko juu. Wamemwambia basi atalipata baada ya likizo ya Julai, kwa sababu kuna kijana ameshaahidiwa muhula huu. Amemtukana mwalimu mkuu pia.

Leo ilikuwa siku yangu ya kupigwa picha ya mguu. Amenipeleka Dunedin mwenyewe, na gari letu alikuwa hajaligusa wiki tano. Kutoka Timaru mpaka Oamaru alikutukana wewe. Kutoka Oamaru mpaka Palmerston alimtukana Neville, kwa kusema uongo uliotaka kumzika mtu. Na kutoka hapo mpaka mjini alijitukana mwenyewe, kwamba alikuwa na macho mawili kichwani akaamini kijitabu cha mtu mwingine. Mimi nimekaa kando yake nalia, ananiambia, "Unalia nini?" Nikamwambia, "Endelea, endelea tu kuongea."

Hayo ni yake. Yangu ni haya. Mguu umepona mfupi, sentimita mbili, nitavaa kiatu cha soli nene mpaka nife. Kosa la kona ningelisahau, hata mimi ningeweza kumwona mtu wa njano nikafikiri ni Des. Supu siwezi. Nikifumba macho naliona bakuli. Umefanya vizuri kuniambia, na nakuchukia kwa uliyoniambia, na sioni kwa nini nichague kimoja.

Usije. Neville asilete kuni. Des anastahili barua kutoka kwako, siyo ya mistari miwili. Ukurasa sitaurudisha. Bevan anaulaza kwenye droo ya soksi zake, na ukitaka kuusoma utakuja kumwomba yeye.

Glenys


Gore
Jumamosi, 4 Mei 1996
Asubuhi: mawingu, joto kidogo kuliko jana, hakuna upepo.

Glenys,

Barua yako nimeipokea jana saa sita mchana. Hii haitaki jibu.

Des nilimwandikia kurasa tatu siku ile ile niliyokutumia ukurasa. Amejibu kwa neno moja, "Nimepokea," na ni haki yake. Nilimwandikia Wiremu pia, nikamtaka aifute fomu ya kwanza. Alipiga simu, akaomba kuzungumza na Neville. Nikamwambia hapana, utazungumza na mimi. Nikasikia anatafuta kalamu. Ameniuliza maswali ishirini na moja nami nimeyajibu yote, pamoja na la saa 5:20.

Neville haongei na mimi tangu nimwambie nilikuandikia nini. Ananijibu chai, ndiyo, hapana. Usiku wa jana tu, tukiosha vyombo, alisema, "Nilikuwa nimeshakubeba, Rae. Kwa nini hukukaa kimya?" Nikamwambia kwa sababu Bevan alikuwa anaandika majina kwenye makabati. Akaendelea kukausha sahani ile ile. Sijui itakuwaje na sisi. Msafara wa Novemba nimeufuta kwa jina langu. La kwake atalifuta mwenyewe akitaka.

Sikuombi unisamehe, na Bevan asiache kunitukana kabla hajamaliza.

Mwishoni mwa kila ukurasa mimi huandika saa ya kulala. Tangu tarehe 21 Machi nafasi hiyo imebaki tupu, kwa sababu asubuhi ilikuwa inanikuta macho, na mimi siandiki kitu ambacho hakikutokea. Jana niliisoma tena barua yako nikiwa kitandani, pale anapoendesha kutoka Timaru mpaka Oamaru. Sikufika Palmerston. Nililala saa tatu na dakika kumi.

Raewyn Tulloch